Ndoo ya njano

Jumamosi, Uyole. Baridi ya Julai imeshuka tangu saa kumi. Niko mezani na koti, nasoma.

Nilianza kutafuta namna ya kuwasuluhisha wanafunzi baada ya wasichana wawili wa kidato cha pili kupigana bombani. Chanzo ni ndoo: mmoja aliiacha kwenye foleni akafuata daftari darasani, mwenzake akaisogeza pembeni. Shavu likachanwa kwa kucha. Kanuni za viboko shuleni za 2002 zinataka msichana achapwe na mwalimu wa kike, kwa hiyo fimbo niliishika mimi, kwa kibali cha mkuu wa shule, na kitabu cha adhabu kikajazwa. Kisha tukawaambia wapeane mikono. Walishikana kwa ncha za vidole, kila mmoja akitazama dirishani. Ile mikono bado naiona.

Ukitafuta utatuzi wa migogoro kwa Kiswahili unaletewa mashamba, mabaraza ya kata, wakulima na wafugaji wa Usangu. Ya watoto shuleni ni ya kuokoteza. Kwa Kiingereza nikafika ERIC, hazina ya tafiti za elimu ya serikali ya Marekani, na machapisho mengi unayapakua bure. Humo ndimo nilimowakuta David na Roger Johnson, ndugu wawili wa Chuo Kikuu cha Minnesota, waliofundisha wanafunzi kusuluhishana wenyewe. Kila mmoja aseme anachotaka, anavyojisikia na kwa nini. Halafu aeleze upande wa mwenzake kwa kinywa chake mwenyewe. Ndipo watafute njia tatu au zaidi, wakubaliane moja. Kabla ya mafunzo wengi walitumia ubabe au walikimbilia kwa mwalimu. Miezi kadhaa baada ya mafunzo walikuwa bado wanazikumbuka hatua hizo.

Ulioninyima usingizi ni utafiti wa Lawrence Aber na wenzake, wa 1998, katika shule za msingi za New York. Watoto waliopata vipindi vingi vya usuluhishi, ukorofi wao ulikua polepole kuliko wa wenzao. Lakini pale ambapo mwalimu alipewa mafunzo mengi halafu akafundisha vipindi vichache, hali ilikuwa mbaya zaidi. Nimeirudia sehemu hiyo mara tatu. Mimi nilihudhuria semina ya usuluhishi ya siku mbili, nikarudi na kabrasha. Nimefundisha kipindi kimoja tu mwaka mzima.

Na si mambo ya Wazungu peke yao. Mwaka 2018 Mabula Nkuba na wenzake walichapisha utafiti wa shule za sekondari za Tanzania: walimu walifundishwa namna ya kuishi na wanafunzi bila kipigo, na ukatili ukapungua, kwa maelezo ya walimu na ya wanafunzi pia. Huo nitaupeleka kwa mkuu wa shule.

Jana niliwaita tena wale wasichana, tukakaa nyuma ya maktaba. Nikamwambia kila mmoja anisimulie ya mwenzake. Wa kwanza alikaa kimya mpaka nikadhani hataki. Kisha akasema, taratibu, "Alidhani nimeitelekeza, Mwalimu. Na yeye alikuwa anachelewa zamu ya jikoni."

Mwenzake akainua uso. "Ile ndoo ya njano ni ya bibi yake," akasema. "Aliogopa ingepotea."

Kipindi cha pili ni Jumanne.