Tangi la Mbezi: kaboni, chuma na maji ya mchaichai

2 Machi

Tangi langu la samaki na matumbawe ni la maji chumvi, lita 240, na sampu (tangi dogo la kuchujia) ya lita 60 chini yake. Ukitoa mawe na mchanga, maji yenyewe ni kama lita 250. Limetimiza miezi kumi na moja. Leo mama watoto amesimama mbele yake na kikombe mkononi, akatazama kwa muda, akauliza: "Baba Neema, hayo maji umetia majani ya chai?"

Nikabisha. Kitu unachokiona kila siku hukioni. Alipoondoka nikachukua glasi mbili zinazofanana, moja nikajaza maji ya tangi, nyingine maji ya bahari kutoka dumu la Kunduchi, nikaziweka juu ya karatasi nyeupe na kuzitazama kwa juu. Ya Kunduchi kama haina kitu. Yangu: maji ya mchaichai.

Unjano huo ni mabaki yaliyooza na kuyeyuka, yaani chakula, kinyesi, ute wa matumbawe na mwani. Skima, mashine inayotoa uchafu kwa mapovu, inatoa sehemu tu. Kinachobaki kinahitaji kitu cha kukinasa kikemikali, na hapo ndipo nilipo sasa: nitie nini?

10 Machi

Niseme ukweli ingawa naona aibu. Niliona pakiti ya kaboni imeandikwa kuwa imetokana na vifuu vya nazi. Nikacheka. Dar es Salaam hii mtu aagize vifuu? Nikavichoma uani, nikaponda, nikaosha, nikafunga kwenye soksi ya kuchujia na kuitumbukiza sampu. Siku nne. Glasi mbili, karatasi ileile. Mchaichai uleule.

Mkaa wa kupikia na kaboni amilifu ni ndugu wa mbali. Ili kaboni iwe amilifu hupitishiwa mvuke kwenye joto la nyuzi 800 hivi au zaidi, ndipo inatobolewa vitundu visivyohesabika. Gramu moja ikifanyiwa kazi vizuri inaweza kuwa na uso wa mita za mraba 1,000, kwa hiyo gramu saba tu zinakaribia kutandaza uwanja wa mpira. Mkaa wangu haukuwa na vitundu hivyo, tena majivu yake yana fosfeti, ambayo ni mbolea ya mwani. Nilikuwa naulisha mwani.

Hata ile halisi si aina moja. Ya vifuu ina vitundu vidogo mno. Inafaa sana kunasa klorini kwenye maji ya bomba. Molekuli za unjano ni kubwa, zinataka vitundu vipana, na hivyo viko zaidi kwenye kaboni ya makaa ya mawe. Nimechukua hiyo, ya punje ndogo.

14 Machi

Nimeiosha kwa maji ya RO (yaliyochujwa hadi chumvi zikatoka) ndani ya ndoo nyeupe. Mara ya kwanza maji yalitoka meusi kama wino, ya tano kijivu, ya tisa ndipo nikaona kitako cha ndoo. Usiwe mvivu hapa. Vumbi hilo likiingia tangini linatua juu ya kila kitu, matumbawe pamoja na samaki.

Nimeweka vijiko vinne vya mezani tu, kwenye mfuko wa wavu pale maji yanapopita. Na taa nimezipunguza kutoka saa tisa hadi sita kwa siku. Maji yakitakata ghafla, mwanga unaopenya unaongezeka, na tumbawe lililozoea kivuli cha unjano linaweza kuungua. Nitaziongezea saa moja kila wiki.

17 Machi

Siku tatu! Glasi zote mbili sasa sawa. Mama watoto hakusema kitu, nami sikuuliza.

Faida nyingine ya kaboni ambayo kwangu ndiyo kubwa: nina tumbawe ngozi, Sarcophyton, limekaa sentimita ishirini kutoka kwenye matumbawe magumu. Haya ya ngozi hupigana kwa sumu; yanaachia kemikali majini kuzuia majirani wasikue. Baharini mkondo unazibeba. Ndani ya lita 250 zinazunguka tu. Kaboni inazinasa. (Vipande vyangu vyote vimekatwa kwenye tangi la jamaa mwenye vibali. Bongoyo, Mbudya, Pangavini na Fungu Yasini ni hifadhi tangu 1975, na baharini mimi nachukua maji tu.)

29 Machi

Maji yanang'aa, lakini vioo vinaota mwani kila baada ya siku mbili. Kaboni haigusi fosfeti wala naitreti, hilo nilikuwa nalijua, ila nilikuwa sijapima. Nimepima kwa kile kisomaji kidogo cha rangi: 88. Nikaogopa, kisha nikakumbuka kinasoma fosforasi kwa sehemu za bilioni, si fosfeti. Unazidisha kwa 3.066 kupata fosfeti, kisha unagawa kwa 1,000 kupata ppm, yaani sehemu za milioni. Inakuja 0.27 ppm. Nikaogopa upya, safari hii kwa hesabu sahihi. Mimi nalenga kati ya 0.03 na 0.1.

Nimepima na maji ya Kunduchi ili nijue kama kisomaji kina akili: 4, yaani 0.01. Kina akili.

5 Aprili

Kwa fosfeti nilikuwa na mawili ya kuchagua. Kuna resini nyeupe inayonasa mabaki kabla hayajageuka fosfeti. Ikichoka inakuwa kahawia, unailoweka kwenye jiki na inarudi kazini. Kwa mfuko inavutia. Lakini nyumba yangu ina mtoto wa miaka mitatu na jiki nusu kwa nusu na maji kukaa wazi siku nzima sitaki, achilia mbali kosa la kuirudisha tangini ikiwa bado na klorini. Nimeiacha.

Nimechukua chembe za oksidi ya chuma, ambazo kwetu ni "chuma" tu. Zinaikamata fosfeti zenyewe. Lebo ilisema vijiko nane kwa tangi kama langu, nikaweka vinne. Zinakaa kwenye riakta, mrija uliofungwa ambamo maji yanapanda polepole mpaka chembe za juu zinachezacheza kama wali unaoanza kuchemka. Ukiongeza kasi zinasagana na kuwa unga.

Najuaje? Niliongeza kasi. Ndani ya dakika moja tangi likawa Msimbazi wakati wa masika. Samaki wangu kangaja alijificha hadi kesho yake.

12 Aprili

Fosforasi 51, sawa na 0.16. Ndani ya wiki moja imeshuka 0.11, na hiyo ni kasi kuliko nilivyotaka. Ncha za tumbawe gumu moja zimepauka. Alkali, yaani uwezo wa maji kuhimili asidi, nayo imetoka 8.4 hadi 7.7 kwa kipimo cha dKH. Nimetoa nusu ya chuma. Sasa ni vijiko viwili. Watu wanakimbilia sifuri kana kwamba ni tuzo, lakini matumbawe nayo yanakula fosfeti, na tangi lililokaushwa kabisa linakaribisha dinoflajelati, ule ute wa kahawia wenye mapovu.

20 Aprili

Umeme ulikatika usiku kwa muda wa saa tisa nzima. Pampu ya hewa ya betri iliwaokoa samaki, lakini riakta ilikuwa imesimama na maji yaliyofungiwa. Nilipofungua, harufu ya yai viza. Ingejiwasha yenyewe, maji yale yote yangeingia tangini. Sasa bomba la kutokea nalielekeza kwenye ndoo kila umeme unaporudi, lita tano za kwanza namwaga.

3 Mei

Nimekaa nikajiuliza fosfeti inatoka wapi hasa. Kamba na ngisi wa Feri ninaowasaga, nagandisha, namwaga na maji yake yote, mara mbili kwa siku. Sasa ni mara moja, na nawasuuza kwenye kichujio cha chai kwanza.

Kunduchi sijaenda. Mvua ni nyingi na maji ya pwani ni matope. Nahodha aliniambia kwenye simu, "Kaka, subiri bamvua baada ya mvua, nitakupeleka nje kabisa."

24 Mei

Fosforasi 26, yaani 0.08. Nimepima pia maji yanayotoka kwenye bomba la riakta: 25. Tofauti hakuna, kwa hiyo chuma kimeshiba. Nimekitoa na sikuweka kingine, nione kama kusuuza kamba kunatosha.

Kaboni nimebadilisha, vijiko vinne vilevile, naosha hadi nione kitako cha ndoo. Ncha za tumbawe zimeanza kurudisha rangi ya zambarau. Kopo la chuma lililobaki liko juu ya kabati, mbali na mtoto. Nitapima tena Jumamosi.