Mradi wa kobe wa maji, Mabogini: kiota cha kwanza kina uzio

Vuli imeanza, na lile shimo la Mabogini, karibu na Moshi, lililoachwa na wachimba udongo wa tofali limejaa tena. Kobe wamerejea. Kiangazi kizima walikuwa wamejifukia kwenye tope, likakauka juu yao, nao wakatulia humo bila kula. Mnyama wa namna hiyo namheshimu sana.

Hawa ni wale ambao wanasayansi huwaita Pelomedusa. Shingo hawairudishi ndani, huikunja kando chini ya ukingo wa gamba. Kidevuni wana vinyama viwili vidogo, na gamba la tumboni ni kipande kisichokunjika. Wenzao wa Pelusios, kundi jingine la kobe wa maji, wana bawaba hapo. Wakishikwa hutoa harufu mbaya. Mimi siwashiki, nawatazama tu.

Habari kubwa ni jike. Jioni moja baada ya mvua alitoka majini akapanda hadi ukingo wa mfereji wa mpunga, mbali kuliko nilivyotarajia. Ardhi ilikuwa bado ngumu, akailowesha kwa maji yatokayo mwilini mwake, kisha akachimba kwa miguu ya nyuma, kushoto, kulia, kushoto, bila hata mara moja kugeuka kuangalia. Shimo huwa kama mtungi: mdomo mwembamba, chini pana. Mayai yana ganda laini linalobonyea, na kwa kawaida huwa kati ya 10 na 30. Akafukia, akashindilia, akarudi majini. Malezi yake yameishia hapo.

Mzee mwenye shamba alisema, "Mwanangu, si uyachukue tu ukayafukie kwako, salama?" Nikamwambia hapana, mzee wangu. Kiinitete, yaani kitoto kinachoanza kukua ndani ya yai, hujishikiza upande wa juu wa yai mapema sana. Ukiligeuza unaweza kukiua. Halafu joto la udongo ndilo linaloamua jinsia: joto la wastani hutoa madume, likizidi au likipungua hutoka majike. Kwa sababu hiyo hiyo nimekataa kuweka majani au kibanda cha kivuli juu ya kiota. Jua la pale jike alilichagua mwenyewe.

Nilichoweka ni wavu wa kuku, umelazwa chini na kubanwa kwa vigingi pande zote. Nguchiro na kenge hufuata harufu, na harufu huwa kali siku za mwanzo, kwa hiyo ulinzi unahitajika zaidi sasa. Kuanguliwa huchukua takribani miezi miwili na nusu hadi mitatu, na vitoto huweza kuendelea kukaa kiotani mpaka mvua ilainishe udongo. Matundu ya wavu hayawatoshi kupita, hivyo nitauondoa miezi miwili ikitimia.

Kabla ya hapo kuna jembe. Wakulima watasafisha mfereji kabla ya msimu ujao wa mpunga, na nimewaomba waache ukingo huo bila kulimwa. Wamekubali kwa kiota hiki. Nataka wakubali ukingo wote, kwa sababu shimo la maji peke yake halizalishi kobe.