Ghorofa tatu zilizogeuka nne

Nyumba yangu ya Sinza ni ya ghorofa tatu, na lifti niliiweka kwa ajili ya mama. Magoti yake na ngazi hayapatani tena. Kiwanja ni kidogo, kila inchi nilikuwa naililia. Nikaona shimo la lifti tulizungushie jipsam bodi badala ya tofali, sebule ipate kupumua.

Mhandisi wangu anafuata IBC, kanuni za ujenzi zinazotumika Marekani. Nikaisoma: shimo likiunganisha sakafu pungufu ya nne, ukuta wake ustahimili moto saa 1, kuanzia nne, saa 2. Nikamwambia zangu ni tatu, saa 1 inatosha. Akacheka. "Dada, wenzetu wanaanza kuhesabu na ya chini." Kumbe!

Nilinuna siku mbili. Jipsam ya saa 2 ipo, ila inataka bodi maalumu za moto, mbili kila upande, si hizi za dari. Kilichonilainisha ni habari ya hoteli ya MGM Grand, Las Vegas, 1980. Moto uliwaka chini kwenye kasino, wakafa watu 85, wengi wao wakiwa ghorofa za juu, wameuawa na moshi uliopanda kwenye mashimo ya lifti na ngazi. Mama chumba chake kiko juu kabisa. Basi, tofali za inchi 6 zisizo na matundu, plasta pande zote, na milango ya lifti yenye cheti cha kustahimili moto dakika 90.

Kazi ikawa kwenye matundu. Ndani ya shimo hakipiti kitu kisicho cha lifti, na fundi bomba alishapitisha PVC ya inchi 4 ya maji machafu. Aliiondoa bila ubishi. Asubuhi yake nikagonga ukuta kwa kidole pale bomba lilipopita, pakalia kama debe tupu. Nikachokonoa kwa bisibisi, ikachomoza karatasi ya kahawia: mfuko wa saruji uliokunjwakunjwa, juu yake plasta safi kabisa.

"Dada, si katundu tu hako?"

"Fundi, moshi hauombi mlango."

Akatoa makaratasi yote, tukashindilia zege mpaka upande wa pili huku nimesimama pale pale. Bomba sasa linashuka nje, nyuma ya jiko, baya kulitazama. Mama kalitundikia kamba ya kuanikia.