Kumbukumbu ya mradi: Kumchonga Just Nuisance akiwa amezuia njia

Umbo la jumla limekwisha kutoka kwenye gogo, kwa hiyo sasa ninaweza kueleza nilikofika. Ninachonga kwa mti wa mninga sanamu ndogo ya Just Nuisance, mbwa wa aina ya Great Dane aliyependwa mno na mabaharia wa Simon's Town, Afrika Kusini, wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Sanamu yake ya shaba, iliyoundwa na Jean Doyle, imekuwa katika uwanja wa Jubilee mjini humo tangu mwaka 1985, nayo inamwonyesha akiwa amejilaza juu ya jabali, kofia yake ya ubaharia ikiwa kando. Ni kazi nzuri, ila sikutaka kuinakili, kwa sababu humo ametulia kama mstaafu mwenye heshima zake, ilhali kilichompa umaarufu ni kule kujilaza pale pale watu walipotaka kupita.

Alipenda kulala juu kabisa ya ubao wa kupandia melini, na kwa kuwa akisimama kwa miguu ya nyuma alikaribia mita 2, kumruka hakukuwa jambo jepesi. Ndipo mabaharia walipombandika jina hilo la lawama, Nuisance, yaani msumbufu. Aliwafuata pia kwenye treni za kwenda Cape Town, akishushwa hapa anapanda inayofuata, hadi watu wa reli wakatishia kwamba angeuawa. Jeshi la Wanamaji la Uingereza lilimaliza ugomvi kwa kumwandikisha rasmi tarehe 25 Agosti 1939, kwani askari alisafiri bure. Karatasi zake zinasema kazi yake ni kuvunja mifupa, na katika orodha ya makosa yake limo la kulala kitandani katika bweni la wakubwa, ambalo adhabu yake ilikuwa kunyimwa mifupa kwa siku 7. (Baharini kwenyewe hakwenda kamwe.)

Kwa hiyo ninamchonga juu ya ubao huo, miguu ya mbele ikining'inia ukingoni. Ubao nimeuchonga peke yake, nyuzi za mti zikifuata urefu wake, kwa sababu ni mwembamba na ungevunjika kama nyuzi zingeukata kwa upana. Kazi iliyonishughulisha zaidi ni nyonga: mbwa mzito anapolala ubavu, mfupa wa nyonga hujitokeza chini ya ngozi na paja husambaa kando yake, na bila bonde dogo kati ya viwili hivyo anaonekana kama gunia lililojazwa. Bonde hilo nimelitoa kwa patasi ya mviringo, nikiondoa maganda membamba na kuligeuza gogo kwenye mwanga kila mara ili kuona kivuli kinakoangukia.

Kichwa kimepata taya na mikunjo ya midomo, lakini macho bado. Nimeamua yawe nusu wazi, ya mtu anayesikia akiombwa apishe.

Kwenye kitako nitachora 1937–1944 tu. Alizaliwa na kufa tarehe 1 Aprili, akazikwa kwa heshima za kijeshi katika kilima cha Red Hill. Yaliyobaki ni makucha, msasa, nta ya nyuki, na mkanda wa shingoni nitakaoukata kutoka kwenye bati jembamba la shaba.