Shati lililoshonwa kwa uzi wa nyavu

Barua nilishaifikisha nusu. Mtoto wa darasa la pili, hapa hapa Tanga, wiki ya tatu anakuja peku, anasinzia kabla ya saa nne, shati limechanika begani. Nikasema huyu katelekezwa, namwandikia afisa ustawi wa jamii.

Kesho yake nikaliangalia lile shati vizuri. Limefuliwa. Na begani limeshonwa kwa uzi wa nyavu, mishono midogo midogo, ya mtu aliyetulia nalo. Jioni nikaenda kwao, Sahare.

"Karibu mwalimu, ila leo hata chai sina." Baba ni mvuvi, kusi limechachamaa, ngalawa imelala ufukweni. Mama anakaanga mihogo. "Uji nikimpa asubuhi, mchana hakuna. Nikiuweka wa mchana, anakuja kwako na njaa."

Nikarudi kusoma kifungu cha 95 cha Sheria ya Mtoto ya 2009. Kinatutaka tutoe taarifa kuhusu mzazi *mwenye uwezo* anayekataa au kupuuza kumtunza mwanawe. Mwenye uwezo! Maneno hayo nimeyaruka miaka yote, na mimi ndiye nafundisha ufahamu, jamani.

Kwa mwenyekiti wa mtaa nilikwenda, ila kuwaombea msaada. Barua nimeichana.

116, namba ya simu ya kuripoti ukatili kwa watoto, nimewahi kuipiga, mwaka juzi, kwa ajili ya mtoto mwingine. Kwao yule mtoto chakula kilikuwa tele, mgongoni ana alama za waya. Shati lake lilikuwa jipya.