Siku moja maishani mwangu: nauza na kufundisha wotakala (rangi za maji) Kariakoo

Saa kumi na moja alfajiri naamka, swala, chai ya rangi na kiporo, saa kumi na mbili niko kwenye foleni ya mwendokasi Kimara. Nimebeba ubao mwembamba umefungwa nailoni, ndani yake kuna shiti za karatasi za wotakala, kila shiti sentimita 56 kwa 76, haitakiwi ikunjwe, haitakiwi ilowe, haitakiwi mtu aiegemee. Na ni Aprili, mvua za masika ndo zimepamba moto. Anayepanda mwendokasi saa hizo anajua hakuna nafasi hata ya kujikuna, sasa wewe uko na ubao upana wa mlango wa kabati, watu wanakusukuma ndani, mama wa pembeni anakuambia dada hicho kitu kinanichoma mbavu. Nasema samahani mpaka Gerezani.

Watu huniuliza kwa nini nisiziache tu dukani. Duka letu liko chini kabisa, ukuta wa nyuma unapandisha unyevu kila msimu wa mvua, na karatasi nzuri ya wotakala mara nyingi imeshibishwa jelatini, hiyo jelatini ndo inaizuia isinywe maji yote kwa mpigo. Ikikaa na unyevu miezi inaharibika na kwa macho huoni kitu, iko nyeupe safi kabisa, ila siku mteja anapiga bluu ya anga inamtokea madoa madoa na hakuna namna ya kuyatoa. Kwa hiyo stoki nailaza nyumbani kabatini juu, naleta ya kuuza siku mbili tatu. Bosi alisema najisumbua, mpaka alipoona mwenyewe karatasi iliyolala pale mwaka mzima.

Saa mbili nimeshafungua, nimefagia, nimefuta vumbi, daftari na kalamu za wanafunzi wa shule zinatoka zenyewe.

Saa tatu naanza kukata, na hii ndo kazi ambayo hakuna anayeiona. Wengi wakisikia nauza vifaa vya sanaa wanadhani nakaa nachora maua nasubiri wateja. Mimi asubuhi yangu ni rula ya chuma na kisu. Shiti moja ya pamba asilimia 100, gramu 300 kwa mita ya mraba, bei yake huku unanunua rim nzima ya A4 na chenji inabaki, sasa mtu ndo kwanza anaanza, utamwambiaje anunue hiyo? Nakata nusu, nusu tena, nusu tena, vinatoka vipande nane vya sentimita 28 kwa 19, nauza kimoja kimoja kama dukani mtaani wanavyopima mafuta ya kula. Rangi nazo hivo hivo, nafungua tyubu moja kubwa nakamulia kwenye vikopo vidogo vya plastiki naacha ikauke, mtu ananunua rangi moja, wiki ijayo nyingine. Wotakala haiogopi kukauka maana kinachoishika ile unga ya rangi ni gundi ya miti ya jamii ya mgunga, nyingi inatoka Sudan, na gundi hiyo ukiipa maji inayeyuka upya. Ndo maana mtu akiniletea tyubu imekauka jiwe anataka kuitupa namwambia subiri, nachukua mkasi naichana, natoa kile kipande naweka kwenye kikopo, tone la maji, baada ya muda rangi hiyo inarudi kazini. Akriliki, ile rangi ya plastiki, huwezi kuifanyia hivyo, ikikauka imekauka.

Saa nne ndo akaingia yule mama.

Wiki iliyopita alinunua kwangu boksi la rangi 12 na brashi, anampelekea binti yake, mtoto wa miaka kama kumi na mbili hivi yuko likizo. Siku ile nilimwambia mama chukua na vipande vya karatasi, akasema karatasi ziko tele ofisini kwake. Sasa leo kaingia na mtoto nyuma, mkononi ana mfuko, hata shikamoo yangu kaipokea nusu nusu, akamwaga juu ya kaunta makaratasi kama kumi yamekunjamana yamepasuka katikati rangi zimekuwa tope. Akasema kwa sauti duka zima linasikia, rangi mlizoniuzia ni feki nirudishie hela yangu, kwenye video inaonekana inatiririka yenyewe mawingu yanatokea, hii inachimba karatasi tu. Nyuma yake kuna wateja watatu, mmoja anataka manila, mmoja anataka kupiga lamineti, mmoja kasimama tu anafurahia. Nikamwambia mama tukae pembeni tuangalie pamoja. Hakutaka kukaa. Akasema, alafu na huyu mwenyewe naona hana kipaji, nimepoteza hela yangu bure.

Mtoto kainamisha kichwa. Mimi pale ndo nilipoacha kila kitu.

Maana hii sentensi naisikia kila wiki na inaniuma kuliko kodi ya pango. Mtu anaanza wotakala kwenye karatasi ya printa, gramu 80, karatasi ambayo imetengenezwa kupokea wino mkavu wa mashine, anaimwagia maji, inavimba, inafanya mabonde, rangi inakimbilia kwenye mabonde inakaa huko, anasugua ili ajirekebishie, karatasi inatoa manyoya inatoboka, anasema mimi sijui kuchora. Anaacha. Hajawahi kushika karatasi ya wotakala hata siku moja na anaacha! Rangi ukinunua ya kawaida ya mwanafunzi utajifunza, brashi moja ya mviringo namba 8 yenye ncha inayojirudi ikilowa inakutosha miezi, ila karatasi usibane. Kama una hela ya kitu kimoja tu kizuri weka kwenye karatasi.

Basi nikatoa kipande changu, nikakibandika juu ya kibao kwa masking tepu pande zote nne, nikachukua na karatasi yao ya printa nikabandika pembeni. Makopo mawili ya maji, moja la kuoshea brashi, moja linabaki safi la kuchanganyia, hili nalo watu hawalishiki, wanaoshea na kuchanganyia kopo lilelile alafu njano yao inakuwa ya kijani chafu. Nikamwambia mtoto, mdogo wangu njoo wewe ndo ufanye. Mama akasema mimi nina haraka. Nikamwambia dakika tano tu mama, naomba. Mtoto akalowesha karatasi zote mbili maji matupu, akasubiri mpaka maji yakaacha kusimama yakabaki yanang'aa tu, akachovya bluu ya ultramarini akagusa. Kwenye ya printa ikaganda hapo hapo doa na karatasi ikaanza kunyanyuka. Kwenye ya pamba ile bluu ikafunguka taratibu ikatanuka yenyewe pembeni, laini, nikamwonyesha akinyanyua kibao upande mmoja inashuka anakoitaka, akachukua tishu akaikunja akagonga gonga juu, pakatoka weupe wa wingu. Yule mteja wa lamineti aliyekuwa analalamika akasogea kuangalia.

Mama akanyamaza, alafu akauliza, na nyeupe kwenye boksi mbona haifuniki? Nikamweleza, mama hii sio kama picha za tingatinga. Edward Saidi Tingatinga alipoanza pale Oysterbay miaka ya mwisho ya 1960 alitumia rangi ya mafuta inayong'aa juu ya hadibodi, rangi ile inafunika, ukikosea unapiga nyeupe juu unaendelea. Wotakala inapitisha mwanga, nyeupe yako ni karatasi yenyewe, unaiacha tangu mwanzo, unaanza na rangi nyepesi unapanda kwenda nzito, huwezi kurudi. Akasikiliza. Tukabishana bei ya kipande kwa muda mrefu kuliko lile somo, akataka brashi nibadilishe kwa sababu ncha imefunguka, nikaangalia brashi wameilaza kwenye kopo imesimamia nywele usiku kucha, nikakataa, akasema wafanyabiashara wa Kariakoo hamna huruma, nikakaa kimya, akanunua vipande vinne. Mtoto akakikumbatia kile cha wingu, hata hakijakauka. Kuangalia saa, saa tano na nusu, manila kashaondoka na mguu unaniuma.

Mchana ni wali maharage nimesimama, mizigo ya mikoani nafunga kwenye maboksi bodaboda aiwahishe stendi ya Mbezi, simu, chenji, simu.

Saa tisa wanafunzi wanaanza kuingia chumba cha nyuma, jioni hiyo walikuwa sita, wawili ni walimu wa shule ya msingi, mmoja bibi mstaafu anayejua kuliko anavyosema. Somo ni mawingu ya mvua, maana yako juu yetu yamejaa. Sikuwapa nyeusi. Nyeusi ya boksini inaua picha, nawapa ultramarini na bant siena, ile kahawia yenye wekundu, wachanganye, inatoka kijivu hai, ukizidisha bluu inapoa, ukizidisha kahawia inapata joto, na ukiiweka nzito kabisa ina giza la kutosha kivuli chochote cha Dar. Tukainamisha vibao kidogo, tukashusha rangi mistari mistari kutoka juu, kila mstari unaokota lile tone la chini la mstari uliopita, ukilikausha katikati unapata mchirizi.

Alafu umeme ukakata. Feni zimesimama, joto, mvua nje, hewa imejaa maji, na hapo wotakala inakuwa mtihani kwa sababu haikauki. Dodoma kiangazi karatasi inakauka ukiwa bado unaangalia, hapa masika unasubiri mpaka unazeeka, na mwanafunzi hana subira, anaona haing'ai anadhani imekauka anaweka tabaka la pili lenye maji mengi, yale maji mapya yanasukuma rangi ya chini linatokea doa kubwa lenye kingo za mikunjo katikati ya anga. Wanne kati ya sita walipata hilo doa. Nimezunguka chumba kile sijui mara ngapi nasema tumia nyuma ya kiganja, gusa, ukisikia ubaridi bado ina maji, acha, usiguse. Koo limekauka. Tukawasha tochi za simu. Bibi yeye alikuwa ameacha yake tangu zamani anakunywa maji, ilipokauka akapiga minazi mara moja kwa brashi karibu kavu ikakwaruza juu ya vinundu vya karatasi, makuti yakatoka yenyewe. Wenzake wakahamia mezani kwake wote nami nikakaa chini dakika mbili za kwanza tangu asubuhi.

Kufunga sijui ilikuwa saa ngapi, kuosha makopo, kuhesabu mauzo, giza. Kwenye mwendokasi nimesimama naona meseji ya kijana wa Songea, anasema dada nina hela kidogo sana nianze na rangi gani. Mimi hizi meseji silali sijazijibu. Nikamwandikia kwa mkono mmoja: njano, nyekundu ya waridi, ultramarini na bant siena, nne tu, hakikisha kwenye lebo ya ultramarini imeandikwa PB29 maana majina wanaweka wanavyotaka ila namba ndo inakuambia ndani kuna nini. Brashi moja, namba 8. Hela yote inayobaki karatasi.

Akauliza, kijani je? Nikamwambia utatengeneza mwenyewe, njano na bluu hiyo hiyo, na ukitaka kijani cha majani halisi ya kwenu tia bant siena kidogo. Kabla sijafika Kimara kashatuma hela ya vipande kumi.