Ramani ya Kamina kwenye saruji ya Katuba

Usiku wa pili wa matanga ya babu yangu, mwaka 2004, kwetu Katuba, mtaa wa mji wa Lubumbashi nchini Kongo, vijana chini ya turubai walikuwa wakibishana kuhusu vita vya Kolwezi, mji wa migodi wa huku Katanga. Mmoja akashikilia kwamba makomando wa Ubelgiji walitoka Ulaya moja kwa moja. Mzee mmoja, rafiki wa babu tangu ujana, akamkatiza: “Hapana, baba. Mwaka ule wa 1978 walitua kwanza Kamina, kwenye kambi ya jeshi ya Baka. Nyumba zake tulizijenga sisi, mimi na huyu marehemu.”

Sisi wajukuu tulimjua babu kama mtu wa reli tu. Nikasogeza kiti.

Mzee akaokota kaa lililozimika pembeni ya mbabula, jiko letu la makaa, akachuchumaa, akaanza kuchora kwenye saruji ya ua. Kwanza reli: Lubumbashi, Bukama, Kamina. Kisha, mbali na mji, mstari mnene alioupitia mara tatu: njia ya kurukia ndege. Nyumba akazitawanya huku na huku. “Msimamizi alituambia bomu moja lisikute vyote mahali pamoja.” Ubelgiji, iliyokuwa ikitutawala, ilikuwa imevamiwa na Wajerumani mwaka 1914 na tena 1940, baada ya vita ikataka mahali pa kukimbilia jeshi lake, na pa kufundishia marubani, katikati ya pori la Katanga.

Lakini alipofika kwenye matofali ndipo uso ulipochangamka. Walibomoa vichuguu vikubwa, kwa kuwa udongo wake mchwa wameshauchekecha, wakauchoma kwenye tanuru la kuni siku nyingi. Kabla ya kujenga, fundi aligonganisha matofali mawili. Lililolia kama kengele liliingia ukutani. Lenye sauti iliyoziba lilitupwa. Akanyoosha mkono, akagonga ukuta wa nyumba yetu kwa kifundo cha kidole. “Huu nao ni wa marehemu. Tazama kona ilivyonyooka.” Nimeishi humo utoto wote, na sikuwa nimeitazama kona ile.

Kijana mmoja akataja tarehe 10 Julai 1960, askari wa Ubelgiji walipotoka Kamina na kuingia hapa Élisabethville, kama Lubumbashi ilivyoitwa. Kesho yake Tshombe, kiongozi wa Katanga, akatangaza jimbo limejitenga na Kongo. Mwingine akakumbusha ndege za Marekani zilizowachukua makomando wa Ubelgiji Kamina kwenda kuwashusha kwa miavuli Stanleyville, Kisangani ya leo, Novemba 1964. Mzee alikubali yote kwa kichwa. Kwangu mimi historia hiyo ni ya kweli, ila inakosa mikono ya watu, na inaniuma kwamba vitabu vinawajua marubani na havimjui hata mwashi mmoja.

Nikamuuliza kama waliwahi kulala ndani ya nyumba zile.

“Tulilala kambi ya wafanyakazi. Chumba kikiisha, tunakabidhi ufunguo. Kurudi kuingia, mpaka uwe na karatasi ya ruhusa. Babu yako aliipata mara moja, kwenda kuziba paa lililovuja.”